Joka Linapokataa Kugeuzwa Chura

Nilikuwa nimelitayarisha joka langu wiki nzima: pango, hazina, hata sauti yake. Lilikuwa joka changa jekundu, na likaishi dakika kumi. Rafiki yangu anayecheza mchawi alitamka maneno yake, nikarusha dadu ya kulinusuru, ikaja 2. Joka likawa chura. Meza nzima ikapiga nduru. Nilicheka pia, lakini manze, iliniuma.

Ugomvi huu ni mzee kuliko sisi. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kitabu cha kanuni za kupiganisha vijisanamu vya askari wa kale, na mwishoni wakaongeza sehemu ya majoka na wachawi. Humo mchawi alikuwa hasa silaha nzito. Mpira wake wa moto ulihesabiwa kama jiwe la mtambo wa vita, radi yake kama mzinga (ule wa vita, si wa klabu).

1974, Gygax na Dave Arneson wakaleta Dungeons & Dragons. Sasa mchawi ni mtu mmoja dhaifu anayekariri uchawi wake na kuusahau akishautumia, wazo lililotoka kwa hadithi za Jack Vance. Joka nalo lilitema pumzi iliyoumiza sawasawa na pointi zake za uhai. Inatisha, sivyo? Lakini kanuni zilezile ziliruhusu ulikute limelala, ulichape hadi lisalimu amri, kisha ulipeleke sokoni kama ng'ombe. Na uchawi wa kugeuza kiumbe kuwa kingine ulikuwepo tayari. Chura wangu ana ukoo mrefu.

Kwa hivyo kila toleo likajaribu kulivisha joka ngao mpya. La 1989 lililikuza mwili, likalipa ngazi 12 za umri na asilimia ya kuzuia uchawi iliyopanda kadiri linavyozeeka. La 2000 likaendelea na wazo hilo kwa hesabu nyingine. Wachezaji nao hawakulala. Mwaka 2004 kitabu cha Frostburn, kinachohusu nchi za barafu, kilileta uchawi wa mguso unaopunguza wepesi wa mwili kwa dadu tatu za pande sita, bila nafasi ya kujinusuru. Wastani wake ni 10.5. Wepesi wa majoka katika toleo hilo, hata yale makubwa kama nyumba? 10. Ukishavuka ile ngao ya kuzuia uchawi, mguso mmoja tu unaweza kumkwamisha mzee wa miaka elfu.

Toleo la 2014 likakata kauli: joka komavu likishindwa na dadu ya kujinusuru, msimamizi anaweza kusema tu limefaulu. Mara 3 kwa siku.

Nililishangilia hilo hadi nilipolitumia. Rafiki yangu alitamka uchawi wake, dadu ikashindwa, nikasema, "Limefaulu." Akaniangalia. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nililiacha joka likae pangoni kama mzee wa nyumba kumi, likingoja kesi ziletwe, na kazi yangu ikawa kukataa. Ilhali kitabu hichohicho kilinipa mengi. Joka jekundu komavu huruka futi 80 kwa zamu moja. Linahisi kilicho ndani ya futi 60 bila kuona, kwa hiyo kujificha kwa uchawi karibu nalo ni bure. Pumzi yake si uchawi wa kutamkwa, haizuiliki kwa uchawi wa kukatiza uchawi. Wastani wa maumivu ni 63. Mchawi akijinusuru anapokea nusu, na bado lazima apate 15 ili asipoteze uchawi aliokuwa ameushikilia akilini. Joka lenye akili huwatafuta wachawi kwanza, likiwa hewani, wakiwa wamesongamana.

Siku hizi naweka vifuniko vitatu vya soda mezani, kila mtu avione. Joka likikataa uchawi, naondoa kimoja, na mchawi anajua amelivua nini. Jumamosi iliyopita kilibaki kimoja. Rafiki yangu alikitazama, akafungua daftari lake, akaniambia nisubiri kidogo.