Faili Lisilo na Jina

Kompyuta haijui faili lako kwa jina. Jina uliloandika, tuseme "karo" au "mahari", limewekwa kwenye folda kwa faida yako wewe. Kando yake kuna nambari, na nambari hiyo inaelekeza kwenye kadi ndogo iitwayo inodi. Kadi inasema mwenye faili ni nani, ukubwa wake ni upi, limekaa sehemu gani za diski, na lina majina mangapi. Jina lenyewe halimo.

Mpango huu ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, wakati Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix. Hata hiyo "i" ya mwanzo, asili yake imesahaulika. Ritchie alipoulizwa mwaka 2002 alisema hana hakika, ila alikisia imetokana na index, yaani faharasa.

Sasa, ukifuta faili, Unix hufuta jina tu na kupunguza hesabu ya majina kwenye inodi. Hesabu ikifika sufuri huku programu fulani bado imelifungua, faili linaendelea kuishi bila jina. Programu ya mwisho ikilifunga, ndipo nafasi yake hurudishwa. Kwenye kompyuta moja hiyo ni kazi rahisi, kwa sababu kerneli moja inaona kila kitu.

Shida ilikuja kompyuta nyingi zilipoanza kutumia diski moja. Mwaka 1983 kampuni ya Digital ilitangaza VAXcluster, na mfumo huo ukaja kuwa na meneja wa kufuli: kila kompyuta, au nodi, iombe ruhusa kabla ya kugusa kitu cha wote. Wazo hilo lilifika hadi Linux. Mwaka 2006 mfumo wa mafaili wa OCFS2, kutoka Oracle, uliingizwa kwenye kerneli toleo la 2.6.16.

Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda. Lakini msimbo wa Linux hauulizi mtu cheti, na nimeusoma nikiwa hapa Lwakhakha. Mtu wa mpakani anauelewa haraka. Mto wetu ndio mpaka. Hadi mwaka 1902 Waingereza walizihesabu ng'ambo zote mbili kuwa Uganda, kisha wakauhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda upande huu ambao leo ni Kenya. Watu hawakuhama. Kilichogawanywa ni daftari. Leo kuna Lwakhakha ng'ambo hii na Lwakhakha ng'ambo ile, na ukoo mmoja umeandikwa katika vitabu viwili. Mtu akifariki kule, lazima habari ivuke daraja ndio huku wajue.

OCFS2 ilikuwa na shida kama hiyo. Nodi ya kwanza ikifuta jina la mwisho la faili, inodi yake hupelekwa kwenye folda ya mayatima. Si utani, ndivyo inavyoitwa kwenye msimbo. Ili kulimaliza faili kabisa, nodi hiyo huomba kufuli ya peke yake. Kama nodi ya pili bado imelifungua, ombi linakataliwa, na kazi ya kufuta inabaki kwa huyo wa pili.

Lakini wa pili atajuaje? Habari humfikia kupitia kufuli anayoishikilia kwa ajili ya jina. Na kumbukumbu yake ikijaa, hulitupa jina hilo ili apate nafasi, na kufuli nayo inaachiliwa. Basi faili likifutwa, hakuna wa kumwambia. Akishamaliza kazi yake anafunga faili anaenda zake, bila kujua kwamba alikuwa wa mwisho. Yatima anabaki. Msimamizi anaona diski inajaa, na akijumlisha mafaili, hesabu haikubali.

Dawa ilipatikana mwaka 2009. Hawakujaribu kuhakikisha kwamba habari haipotei kamwe. Walikubali kwamba itapotea, wakaweka zamu: kila baada ya muda, nodi moja hupitia folda zote za mayatima na kuuliza, huyu bado kuna anayemshikilia? Kama hakuna, anafutwa.

Waliochora mpaka wetu hawakuweka zamu ya namna hiyo. Huku kwetu kazi hiyo hufanyika matangani. Mzee wa Kibukusu akishazikwa, watu huketi, na huulizwa mbele ya wote: nani alimdai marehemu, na nani alidaiwa naye? Jamaa wa ng'ambo wakichelewa darajani, husubiriwa. Hesabu ya mtu haifungwi kama hawajafika.