Fedha Iliyorudi Kinywani: Vita ya Karne Moja Dhidi ya Meno Mabovu ya Watoto

Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba bakteria wa kinywani huchachua wanga na sukari na kutoa asidi, na kwamba asidi hiyo ndiyo inayolila jino. Tangu hapo matabibu walikuwa na adui wa kumwinda. Mwaka 1917 Percy Howe wa Boston alieleza namna ya kupaka nitrati ya fedha yenye amonia kwenye meno yaliyooza, kwa kuwa madini ya fedha huua vijidudu. J. Kilian Clarke wa London akamtambua mmoja wa wahusika, Streptococcus mutans, mwaka 1924. Kisha mwaka 1954 Frank Orland na wenzake wakaonyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu chochote hawakutoboka meno hata walipolishwa chakula chenye sukari nyingi.

Ushahidi huo ulizaa matumaini kwamba kinywa kikisafishwa bakteria, kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Klorheksidini, dawa kali ya kuua vijidudu, ilipakwa kwenye meno ya watoto katika majaribio mengi, lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2015 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inazuia meno kuoza. Si ajabu. Kinywa hakiwezi kubaki kitupu: bakteria hurudi, tena mara nyingi mtoto huwapata kupitia mate ya mama au mlezi wake, na sukari wanayoitegemea bado iko mezani. Dawa inayoua tu, bila kulifaa jino lenyewe, hununua muda mfupi.

Jibu bora lilitoka Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Osaka, Mizuho Nishino na Reiichi Yamaga waliunganisha fedha na floridi katika dawa moja ya maji, ikaanza kuuzwa mwaka 1970. Fedha huua bakteria walio ndani ya tundu. Floridi hugandisha upya madini yaliyoyeyuka. Dawa hiyo, yenye ukolezi wa asilimia 38, ina floridi ya takriban sehemu 44,800 kwa milioni, wakati dawa ya kawaida ya mswaki huwa na 1,000 hadi 1,450. Matumizi yake ni mepesi: fizi hupakwa mafuta mazito, jino hukaushwa kwa pamba, kisha tone moja hupakwa kwa brashi ndogo kwa takriban dakika moja. Hakuna sindano ya ganzi wala mashine ya kutoboa. Sehemu iliyolainika hugeuka ngumu, na nyeusi.

Weusi huo ndio pingamizi kubwa, na ni la haki: haufutiki, na jino la mbele huonekana wazi mtoto akicheka. Lakini yafaa kuupima dhidi ya maumivu ya usiku, jipu, au kung'olewa jino chini ya usingizi wa dawa. Mzazi aelezwe kabla, achague mwenyewe. Wengine husema meno ya utotoni yatang'oka tu, ya nini kuhangaika? Magego ya utotoni hudumu hadi umri wa miaka kumi au zaidi. Ndiyo yanayotafuna, na ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: dawa isije ikaisamehe sukari. Ni kweli, na historia yenyewe inakubali, kwani dawa hii husimamisha tundu lililopo bila kubadili kinachoingia kinywani kesho.

Marekani iliiruhusu mwaka 2014, kwanza kwa meno yanayouma yakiguswa na baridi au moto, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Shirika hilo linakadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa wingi huo, tiba inayodai kiti cha daktari na umeme haitawafikia wote. Inayobebwa kwenye chupa ndogo hadi shuleni inaweza, ilimradi iende pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi na sukari iliyopunguzwa.