Chumba Chembamba cha Nyumba ya Mawe: Historia ya Kulala Pafinyu katika Pwani ya Waswahili

Chumba cha kulala katika nyumba za kale za mawe za Lamu, Pate na Siyu kilikuwa kirefu na chembamba. Upana wake ulikuwa kati ya mita mbili na nusu na mita tatu hivi, na urefu uliweza kufika mara tatu ya upana huo. Ufinyu huu haukutokana na uhaba wa fedha, kwa kuwa waliojenga nyumba hizo walikuwa matajiri wa mji. Ulitokana na mti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikivushwa nafasi kubwa zaidi ya hiyo hupinda kwa uzito ulio juu yake.

Uzito wenyewe haukuwa mdogo. Juu ya boriti zilizopangwa kwa karibu fundi alilaza vibapa vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe akamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapondwa mpaka ikashikana. Dari la namna hii lilizuia joto na moto, na liliweza kubeba ghorofa nyingine, lakini lilimfunga mjenzi. Akitaka chumba kikubwa, angeweza kukirefusha tu. Kukipanua hakuweza.

Boriti zilikatwa katika visiwa vya Lamu, delta ya Rufiji na mikoko mingine ya pwani, na wafanyabiashara walizigawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila daraja na bei yake na kazi yake. Majahazi yalizipeleka pia ng'ambo. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Karne nyingi baadaye nyumba za Kuwait, Bahrain na Dubai ziliezekwa kwa boriti za Afrika Mashariki, na vyumba vyake vikawa na upana uleule wa mita tatu au chini ya hapo. Kwa hiyo chumba chembamba kilikuwa cha watu wa pwani mbili za bahari moja.

Wajenzi wa zamani walijua njia nyingine ya kufunika nafasi. Katika karne ya 14 msikiti mkuu wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vilitumia kuba na matao ya mawe. Lakini kuba ilidai mawe mengi, chokaa nyingi na mafundi wa hali ya juu. Katika nyumba za kuishi boriti ilibaki kuwa kipimo, na fundi akalazimika kuuliza swali jingine: chumba kisichopanuka kitumiwe vipi?

Majibu ya kwanza yanaonekana katika magofu. Nyumba za Gedi, mji uliokuwa karibu na Malindi na ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, zilifukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Mpango wa kawaida wa nyumba hizo ni ua mbele, kisha ukumbi mrefu, na nyuma ya ukumbi chumba cha kulala na ghala. Baadhi ya ghala hizo hazikuwa na mlango wala dirisha. Ziliingiwa kwa tundu lililoachwa juu kabisa ya ukuta, na aliyetaka kitu ndani alipanda ngazi kisha akateremka. Sehemu ya nyuma isiyofika mwanga, ambayo haikufaa mtu kukaa, ikageuzwa hazina ambayo mwizi angeifikia kwa taabu. Kuta za Gedi na Songo Mnara zina vishubaka pia, vingine vidogo vya kuwekea taa, ili taa isichukue nafasi ya sakafu wala kupigwa teke gizani.

Utaalamu huu ulikomaa Lamu na Pate katika karne ya 18, zama za utajiri mkubwa wa miji hiyo. Nyumba ya mungwana haikuwa na madirisha makubwa ya kutazama njia. Mtu aliingia kwa daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, akafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwanda vyumba vilifuatana kimoja nyuma ya kingine, vyote vyembamba na vyote vikielekea uani: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Nyuma yake katika nyumba nyingi kulikuwa na nyumba ya kati, chumba cha giza kilichotumiwa wakati wa uzazi na wakati wa kuosha maiti. Sakafu ilipanda kidogo kila mtu alipovuka kutoka chumba hadi chumba, na mwanga ulipungua hatua kwa hatua.

Katika mpango huo jambo la kwanza la kutatua lilikuwa ncha za chumba kirefu. Watu walipita katikati, kwa kuwa milango ilikuwa katikati, na mwanga wa kiwanda uliangukia hapohapo. Ncha mbili za chumba zilibaki pembeni, zenye giza na zisizopitwa na mtu. Badala ya kuziacha bure, wenyeji walizifanya mahali pa kulala. Kitanda kiliwekwa mwisho wa chumba kikakingama kutoka ukuta hadi ukuta, au karibu hivyo, na mbele yake likashushwa pazia lililotundikwa kwenye mti uliofungwa darini. Mchana katikati ya chumba palikuwa pa kukaa, kushona na kupokea wageni wa kike. Usiku pazia lilifanya chumba kimoja kuwa vitatu. Upungufu wa mwanga, ambao mahali pengine ungekuwa kasoro, hapa ulifaa usingizi na sitara. Katika baadhi ya vyumba ncha moja ilikatwa kwa ukuta ikawa choo chenye birika la maji, hivyo aliyelala ndani hakuhitaji kuvuka nyumba usiku.

Jambo la pili lilikuwa ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwa mnene, mara nyingi karibu nusu mita, na unene huo ulikula nafasi ambayo tayari ilikuwa haba. Fundi aliirudisha nafasi hiyo kwa kuutoboa ukuta vidaka, yaani vishubaka. Katika ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani, ule uliotazamana na mwanga wa kiwanda, vidaka vilipangwa safu juu ya safu, kuanzia karibu na sakafu hadi karibu na dari. Kila kimoja kilikuwa na kina cha kutosha bakuli, kitabu au taa, na fremu yake ilinakshiwa kwa lipu. Kazi ya lipu ilitaka mkono mwepesi: fundi alipaka chokaa safi, akachora mistari yake, akaichonga ingali na unyevu, kwa kuwa ikishakauka haikubali tena kisu kirahisi. Kwenye sehemu zilizohitaji jiwe imara alitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa hai, ambayo huwa laini siku za kwanza na kuwa magumu yakikaa hewani.

Ndani ya vidaka viliwekwa bakuli na sahani za kauri kutoka China, vyombo vya kioo na misahafu. Vilionyesha heshima ya nyumba, na wengi waliamini kwamba vyombo hivyo vinakinga jicho la husuda lisimpate bibi harusi au mzazi aliyelala humo. Kwa upande wa matumizi, ukuta wa vidaka ulifanya kazi ya kabati bila kuchukua hata shubiri moja ya sakafu. Chokaa yake nyeupe ilirudisha mwanga kidogo uliofika ndani, na vivuli vya safu hizo vilikifanya chumba kionekane kina nafasi zaidi ya ile kiliyonayo.

Jambo la tatu lilikuwa kitanda chenyewe. Kitanda cha pwani kilijengwa kwa matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, kisha kikasukwa kwa kamba. Katika nyumba za wenye mali matendegu yalirefushwa na kukerezwa mpaka mtu akahitaji kibago au ngazi ili apande. Urefu huo ulimtenga mlalaji na unyevu wa sakafu na ukazaa mvungu mkubwa. Huko ndiko kulikowekwa masanduku, mikeka iliyokunjwa na vyombo vya shughuli. Methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame inaendana na nyumba ambamo cha thamani kilihifadhiwa chini ya kitanda.

Unguja ya karne ya 19 ilirithi mambo haya na kuyaongezea. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye yeye binti alijulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza vyumba vya utoto wake katika kumbukumbu zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anataja kuta nene zilizogawanywa kwa mashubaka yenye mbao zilizopakwa rangi ya kijani, yaliyojaa kauri na vioo. Anataja vitanda vya kunakshiwa kutoka India, virefu kiasi kwamba mtu alivipanda kwa kukanyaga kiti, na mvungu wake ukitumiwa na yaya wa watoto au muuguzi wa mgonjwa kama mahali pa kulala. Nguo zilikaa katika makasha ya mbao yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Kasha lilikuwa ghala, na juu yake palifaa kuwekwa kitu kingine.

Mabadiliko yalianza na chuma. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilisimamishwa kwa nguzo na mihimili ya chuma, na kumbi zake zikapita kipimo cha boriti. Baadaye saruji na nondo viliwawezesha hata wajenzi wa kawaida kupanua vyumba.

Watu wengi, hata hivyo, hawakupata vyumba vipana. Katika Ng'ambo ya Unguja, Kariakoo ya Dar es Salaam na Majengo ya Mombasa ilienea nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mara nyingi sita, kila kimoja kikipangishwa kwa familia. Ukuta wa fito na udongo haukuwa mnene wa kutobolewa vidaka vingi, kwa hiyo vyombo vilihamia mvunguni na juu ya masanduku yaliyopandanishwa, na nguo zikatundikwa kwenye ufito uliokatiza kona. Pazia liliendelea na kazi yake ya Lamu: mbele yake sebule, nyuma yake kitanda.

Ukuta wa matofali ya saruji uliofuata ni mwembamba zaidi. Kidaka cha kina hakiwezekani ndani yake, hivyo kuhifadhi vitu kumetoka ukutani kukarudi sakafuni kwa njia ya kabati, na chumba kipya chenye upana uleule wa mita tatu hubaki na nafasi ndogo ya kupita kuliko cha zamani. Katika miji iliyoandikishwa kuwa Urithi wa Dunia, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, ukarabati umevirudisha vidaka vilivyokuwa vimezibwa kwa lipu. Lamu ina nyumba ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho, ambamo mpango wa msana, ndani na vidaka unaonekana kama ulivyotumiwa, na mafundi wa lipu wa mji huo bado wanachonga vidaka vipya katika nyumba zinazotengenezwa upya.