Kiapo Bila Msahafu: Maadili na Maana ya Maisha katika Ushahidi wa Arusha

Kuna hoja moja inayosikika sana Arusha, kwenye mikutano ya injili na kwenye mawaidha ya Ijumaa vilevile: mtu asiyemcha Mungu hana kinachomzuia. Atakuibia, atakuua, na asipofanya hivyo ni kwa kuogopa polisi tu. Hoja hii ina pacha wake, kwamba maisha ya mtu huyo, hata kama hajamdhuru yeyote, hayana maana kwa kuwa yanaishia kaburini. Wengi huzichukua mbili hizi kama hoja moja. Mimi nazitenganisha, kwa sababu naona ya kwanza haina mashiko, na ya pili ni ngumu kuliko wanavyodhani wanaoikubali na wanaoikataa.

Ushahidi wangu sitautafuta kwa wakana Mungu. Ni wachache, na wengi wao hawajitangazi. Anayejitangaza huulizwa na mama yake nani atamzika. Nitautafuta kwa waumini wenyewe. Dai langu ni hili: kila mara jambo la maadili lilipokuwa kubwa kuliko kanisa moja au msikiti mmoja, watu walioliamua hapa Arusha, wengi wao wakiwa waumini, waliliamua kwa sababu ambazo hata asiyeamini angeweza kuzipima. Kama maadili hayawezi kusimama pasipo imani, basi sababu hizo zisingemfunga mtu yeyote.

Tuanze Kaloleni, katika jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Wengi hukumbuka utaifishaji wa mabenki. Kinachonihusu mimi ni miiko ya uongozi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hayo ni maadili makali, makali kuliko ambayo makanisa mengi huwadai wazee wao wa usharika. Msingi wake ni upi? Imani ya TANU iliyo mwanzoni mwa Azimio inaanzia kwenye usawa wa binadamu na haki ya kila mtu kuheshimiwa. Mungu hatajwi kama sababu ya usawa huo.

Aliyeliandika Azimio hakuwa mpinga dini. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mara kwa mara, na tangu 2005 kanisa lake limekuwa kwenye mchakato wa kuchunguza kama atangazwe mwenye heri. Lakini katika utangulizi wa kitabu chake cha 1968 kuhusu uhuru na ujamaa alieleza wazi kwamba mtu hahitaji kwanza kuamua kama Mungu ni mmoja, ni wengi au hayupo, ndipo awe mjamaa. Uhusiano wa mtu na Mungu wake aliuweka upande wa mambo binafsi. Katiba ya 1977 inafuata njia hiyohiyo inapoitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na tangu sensa ya 1967 serikali haijamuuliza mwananchi anasali wapi. (Kwamba nchi isiyokuwa na dini hufungua shughuli zake kwa wimbo wa kumwomba Mungu ni jambo la kutabasamia, si la kukatia rufaa.)

Mpinzani atauliza: na miiko hiyo iko wapi leo? Ni swali la haki. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikikutana Zanzibar, iliilegeza, na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Maadili yasiyo na jicho la Mungu, atasema, yaliishi miaka 24. Lakini walioyalegeza walikuwa watu wa dini, walioapishwa wakiwa na Biblia au Kurani mkononi, na kiapo hicho hakikuwazuia. Kilichokosekana ni mwananchi mwenye uwezo wa kumuuliza kiongozi, “Hii nyumba umeijenga kwa fedha gani?” na kusubiri jibu. Miiko ilisimamiwa na chama kilekile ambacho viongozi wake ndio waliotakiwa kuzuiwa. Huo ni udhaifu wa kuwajibishana, na kumwongeza Mungu kwenye karatasi kusingeuponya.

Miaka 15 kabla ya Azimio, Wameru walikuwa wameshafundisha somo hilihili kwa njia nyingine. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 Ngare Nanyuki na Leguruki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu wafuge. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 msemaji wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, waliifikisha kesi hiyo Umoja wa Mataifa, New York. Ulutheri ulikuwa umeshaota mizizi Meru, tangu misheni ya Leipzig ilipoanzisha kituo Nkoaranga mwaka 1902. Waliochangishana fedha za safari walikuwa watu wa kusali. Hata hivyo mbele ya wajumbe wa mataifa Japhet hakwenda kusema kwamba Mungu aliwapa Wameru ardhi ile. Alisema kwamba walikuwa wanaitumia, kwamba hawakukubali kuhamishwa, na kwamba nchi iliyokabidhiwa Uingereza kwa udhamini haiwezi kutendewa hivyo. Mjumbe kutoka nchi iliyokuwa ikiipinga dini aliweza kuzielewa sababu hizo sawa na mjumbe Mkatoliki. Azimio la kuwaunga mkono halikufikisha theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Kushindwa kwa kura hakukuzigeuza sababu zile kuwa mbovu.

Sasa nije kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, kwa kuwa huko ndiko hoja ya “asiyemcha Mungu” ilikojaribiwa kwa uzito usio na mfano katika Afrika Mashariki. Novemba 1994 Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Hadi ilipofungwa Desemba 2015 ilikuwa imewafungulia mashtaka watu 93. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Rwanda ya 1994 haikuwa nchi ya wasioamini. Ilikuwa miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi zaidi barani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Miongoni mwa waliosimama kizimbani Arusha walikuwemo watumishi wa Mungu. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista Wasabato huko Mugonero alihukumiwa miaka kumi mwaka 2003. Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya Machi 2008 ikaigeuza kuwa kifungo cha maisha. Kesi ya Seromba inastahili kutazamwa kwa karibu. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikuwa wamekimbilia ndani ya kanisa lake. Likaletwa tingatinga. Dereva alisita, akamuuliza padri kama kweli alibomoe kanisa. Padri akakubali. Mahakama ya rufaa iliyapa maneno hayo uzito mkubwa, na mimi nadhani yana uzito wa kifalsafa pia. Dereva yule alikuwa na kizuizi ndani yake, hata kama kilikuwa ni hofu ya kubomoa nyumba ya ibada tu. Aliyekiondoa kizuizi hicho ni mwenye mamlaka ya dini. Ile kinga iliyodhaniwa kuwa imani ndiyo inayoitoa, siku ile imani ndiyo iliyoiondoa.

Haitakuwa haki kuishia hapo. Mwezi uleule wa Aprili, huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka, mlei Mkatoliki aliyejitoa kwa utumishi wa kanisa, aliwaficha Watutsi katika kituo chake. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka aondoke ili aokoke. Alikataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Kanisa lilelile, nchi ileile, mwezi uleule. Kwa hiyo kilichowatofautisha Niyitegeka na Seromba hakiwezi kuwa kuamini na kutoamini.

Muumini atajibu kwamba Seromba hakuwa muumini wa kweli. Nakubali jibu hilo, ila naomba tulitazame vizuri. Tumejuaje kwamba hakuwa wa kweli? Alikuwa na upadirisho, sakramenti na parokia. Tumejua kwa kuyatazama matendo yake na kuyaona maovu, na kipimo tulichotumia kilikuwa mikononi mwetu kabla hatujaigusa imani yake. Plato alilizungusha swali hili kwa Wagiriki, kama jema ni jema kwa kuwa miungu inalipenda au miungu inalipenda kwa kuwa ni jema. Wanateolojia wa Kiislamu pia walilichukulia kwa uzito: Wamuutazila walishikilia kwamba akili yaweza kujua jema na baya, na wafuasi wa al-Ash'ari wakawapinga. Thomas Aquinas aliwapa hata wapagani uwezo wa kuijua sheria ya asili. Anayehubiri leo kwamba pasipo Mungu hakuna jema wala baya anawapinga pia baadhi ya wakubwa wa dini zenyewe.

Na mashahidi waliotoka Rwanda kuja Arusha, walioona ndugu zao wakiuawa makanisani, walifungwaje kusema kweli? Kanuni za mahakama ile ziliwataka watamke kwa dhati kwamba watasema ukweli wote. Hapakuwa na Biblia wala Kurani, na jina la Mungu halikutajwa. Sheria yetu ya viapo nayo inamruhusu shahidi asiye na imani ya dini athibitishe badala ya kuapa, na uthibitisho wake una nguvu ileile ya kiapo. Akidanganya, kosa ni lilelile.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ya Kizungu, na kwamba Mwafrika hana maadili nje ya dini. John Mbiti, Mkenya, alikieneza kitu kama hicho katika kitabu chake mashuhuri cha 1969. Okot p'Bitek wa Uganda alimkosoa yeye na wenzake kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya kigeni, na Kwasi Wiredu wa Ghana alionyesha kwamba maadili ya Waakan yanasimama juu ya ustawi wa binadamu. Hapa kwetu, Philip Gulliver, aliyeishi na Waarusha kwenye miteremko ya Meru miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake 1963, alikuta ugomvi ukimalizwa kwa kuzungumza: kila upande na watu wake wa ukoo na wa rika, wakivutana hadi wakubaliane, pasipo hakimu wa kulazimisha. Engai, yaani Mungu wao, aliombwa, na laana ya mzee iliogopwa sana, sitaficha hilo. Lakini aliyechepusha maji ya mfereji usiku, wakati si zamu yake, hakusubiri hukumu ya mbinguni. Asubuhi aliulizwa na jirani wa chini ambaye mahindi yake yalikuwa yamenyauka.

Kuhusu maadili naona hilo linatosha. Kuhusu maana, sina uhakika wa namna hiyo.

Wasomaji wetu humtaja Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, kama kielelezo cha mtu aliyepoteza Mungu akaishia kujiua. Mimi naona Kazimoto alipoteza watu kwanza. Usomi ulimtenga na waliomzaa, na mjini hakupata wa kuziba pengo lao. Kwa Mmeru wa kizazi cha babu zetu, maana ilikuwa kwenye kihamba: migomba aliyoipanda baba, kahawa itakayowasomesha wajukuu, na kaburi palepale shambani. Hiyo ni maana inayoweza kusimama pasipo ahadi ya pepo, na wengi waliiishi hata waliokuwa wakisali kila Jumapili. Tatizo ni kwamba vihamba vimegawanywa hadi vimekwisha. Kijana wa bodaboda wa Ngarenaro hana mgomba wa kumrithisha mtu. Sishangai kwamba makanisa mapya yanamvuta kijana huyo. Yanampa jina, kazi ya kufanya Jumapili, na watu watakaomuuliza asipoonekana.

Na kuna deni ambalo asiyeamini hawezi kulilipa. Waliokufa Nyange hawatasikia hukumu yoyote, na waliowaua wengi wao hawakufika Arusha. Muumini anaweza kumwambia aliyefiwa kwamba kuna siku ya hesabu. Asiyeamini hana la kusema hapo, na akijifanya analo atakuwa mwongo. Lakini kukosa faraja si sawa na kukosa maana: aliyefiwa na asiye na pepo ya kumtarajia marehemu bado ana watoto wa kulea, shahidi wa kwenda kumsindikiza mahakamani, na jina la marehemu la kulitetea lisichafuliwe.

Kinachobaki ni jambo la vitendo. Msiba ukitokea Moshono au Poli, jumuiya ya kanisa ndiyo inayoleta maturubai, viti na sufuria, na mchungaji ndiye anayeongoza ibada. Asiyeamini hajatengenezewa utaratibu. Kwa kawaida familia humwita mchungaji hata kwa marehemu aliyelikataa kanisa maisha yake yote. Wachungaji wengine hukubali, wengine hukataa. Anayekataliwa huzikwa na wazee wa ukoo, ambao husimama kando ya kaburi na kueleza alimsomesha nani, aligombana na nani wakapatana, na anadaiwa nini ambacho wanawe watakilipa.