Kimbunga cha 1872 na mikarafuu ya bibi zetu



Mahari tunazungumza sana: dhahabu, cherehani, kipande cha shamba. Tusichozungumza ni mali hiyo ikipigwa na upepo siku moja. Unguja yalishatokea.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga kisiwa. Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Vyombo bandarini vilizama au vilitupwa ufukweni, na merikebu zake mwenyewe zikavunjika. Bandari ikasafishwa, mashamba ndiyo yaliyouma. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka, na mkarafuu si mchicha. Ukiupanda leo, unangoja miaka sita au saba ndipo uanze kuchuma.

Wenye mashamba hawakuwa wanaume watupu. Mirathi yetu inampa mwanamke fungu lake, na mabinti wa Sayyid Said, Bibi Salme akiwa mmoja wao, walirithi mashamba. Waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, na msiba wao haupimwi kwa bei ya karafuu.

Sasa tazama Pemba. Kimbunga hakikuipiga kama Unguja. Karafuu zilipoadimika bei ikapanda, na Pemba watu wakapanda mikarafuu kwa wingi, hata kisiwa kile kikaipita Unguja kwa karafuu mpaka leo. Mwenye shamba huku na huku alikuwa na pa kushika. Mwenye Unguja tu alibaki na magogo, na miaka iliyofuata mashamba mengi yaliwekwa rehani kwa matajiri wa Kihindi wa mjini.

Kwa nini majirani hawakuinuana? Kwa sababu wote walianguka siku moja. Hapo ndipo wataalamu wa uchumi wanapotofautisha moto wa nyumba moja na kimbunga. Nyumba yako ikiungua, kikoba cha mtaa kitakuinua. Kimbunga kikipita, mweka hazina naye hana paa.

London bima ya meli ilikuwa ikiuzwa zaidi ya karne kabla ya hapo. Bibi wa shamba, bima yake ilikuwa dhahabu sandukuni na jamaa zake. Sisi leo tuna takaful, iliyoanza kama kampuni huko Sudan mwaka 1979: kila mmoja anatoa mchango kwa nia ya kusaidiana, anayefikwa analipwa kutoka mfuko huo, na riba haiingii. Naipenda. Lakini mfuko wa watu wa kisiwa kimoja ni kikoba kikubwa tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, si mbali na kwetu.

Kwa hiyo ukipelekewa fomu ya takaful, usiulize mchango tu. Uliza wanachama wenzako wako wapi, na mfuko wenyewe umejikinga kwa nani nje ya visiwa hivi.