Ulimi wa Mtoto Hausemi Uongo

Je, umewahi kumpa mtoto dawa ya maji, akakunja uso na kuitema yote kifuani? Wewe uliionja ukaona si chungu sana. Watu wa nyumbani wakasema mtoto ni mkaidi, afinywe pua ameze. Leo tuangalie jinsi wataalamu walivyokuja kuuelewa ulimi, kwa sababu historia hiyo inamtetea mtoto wako.

Wengi wetu shuleni tulichora ramani ya ulimi: utamu kwenye ncha, chumvi na uchachu pembeni, uchungu nyuma. Ramani hiyo ilianzia Ujerumani. Mwaka 1901, mtafiti David Hänig alipima ladha kwenye kingo za ulimi, akaona sehemu fulani huonja upesi kidogo kuliko nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Mwaka 1942, profesa Edwin Boring wa Marekani alichora matokeo hayo kwa namna iliyofanya tofauti ionekane kubwa, na vitabu vya shule vikaendelea kunakili. Mwaka 1974, Virginia Collings alipima upya. Akaona tofauti ni ndogo kweli, na kwamba ladha zote nne husikika pande zote hizo. Jaribu mwenyewe: weka chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi, utaisikia.

Hata hesabu ya ladha nne haikutimia. Mwaka 1908 huko Tokyo, Kikunae Ikeda alitambua ladha ya tano, ile ya mchuzi mzito wa nyama. Ladha hiyo imo kwa wingi katika maziwa ya mama.

Sasa tuje kwa uchungu. Mwaka 1931, katika maabara moja Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali, ukapeperuka hewani. Mwenzake alilalamika kuwa ni mchungu sana. Fox hakusikia chochote. Waliuonja wote wawili, na kila mmoja alikuwa akisema kweli! Baadaye ilijulikana kuwa tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kwa hiyo wewe na mtoto wako mnaweza kuonja kijiko kimoja na kupata ladha mbili. Tena kwa kawaida watoto huusikia uchungu kwa ukali kuliko watu wazima.

Ujumbe husafiri vipi? Chakula huyeyuka kwenye mate, kikagusa vionjio vidogo vilivyomo ulimini. Mwaka 2000, wanasayansi walitambua vipokezi vya uchungu. Binadamu ana aina 25 hivi. Kipokezi kikiguswa, neva hupeleka habari kwenye ubongo: "Tahadhari, huenda hii ni sumu!" Mimea mingi yenye sumu ni michungu, hivyo kutema ni ulinzi wa mwili. Mtoto hajui kuwa uchungu huu ni wa kumponya.

Basi, mama, ufanye nini?

Usimfinye pua wala kumlaza chali umnyweshe kwa nguvu. Dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Mketishe wima, umtilie dawa ndani ya shavu, kidogo kidogo, kisha umpe maziwa ya mama, au maji ikiwa ametimiza miezi sita. Usiichanganye na kikombe kizima cha uji, maana asipomaliza, dozi itakuwa imepungua. Usimpe asali kabla hajatimiza mwaka mmoja. Akitapika dawa, muulize muuguzi kabla ya kurudia.

Kuhusu chakula, ulimi hufundishika mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha walikipokea vizuri zaidi chakula chenye ladha ya karoti. Kwa hiyo kula managu, kunde na terere ukiwa mjamzito na unaponyonyesha. Mtoto akitimiza miezi sita, mwonjeshe kidogo. Akikataa leo, mpe tena siku nyingine, hata mara nane au kumi, bila kumlazimisha.

Kumbuka, mtoto anayekunja uso anakueleza anachosikia. Msikilize, mbembeleze, lakini hakikisha amemaliza dozi yake.