Dandora Ilijengwa na Pesa ya Usingizi

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mimi na mathe tulirudi keja jioni tukakuta kufuli kubwa mlangoni. Halikuwa letu. Kama umekulia Eastlands unajua maana yake: kodi imechelewa na msimamizi wa ploti amechoka na hadithi zako. Mathe alinitazama bila kusema neno. Pesa ya kodi ilikuwa imeenda kwa simu yangu, na sote wawili tulijua.

Nilikuwa nimeingia kwa programu fulani ya simu. Unaweka pesa, unabonyeza matangazo kidogo kila asubuhi, na pesa inazaa asilimia 10 kwa siku ukiwa umelala. Wiki ya kwanza walinilipa 400. Nikashikwa na ule moto wa kuomoka. Nikamshawishi mathe, akatoa 6,500 aliyokuwa ameficha ya kodi. Wiki ya tatu programu ikakataa kufunguka. Mpaka leo haijafunguka.

Usiku huo tulilala kwa shosho, kwa chumba chake kimoja huku huku Dandora. Nilidhani atanigombeza. Alicheka kidogo, akaweka sufuria ya chai kwa jiko, akasema: "Hiyo pesa ya kuingia ukiwa umelala naijua, baba. Ndiyo ilijenga hii Dandora. Lakini waliojenga hawakuwa wamelala."

Maneno hayo yalinifanya nianze kuuliza na kusoma. Wasee, tunatafuta mambo ya pesa kwa video za watu wa Marekani, na historia yote iko hapa kwa matatu ya Dandora.

Anza na Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliutenga mtaa huo uwe wa Waafrika. Nairobi ya wakati ule, Mwafrika alitazamwa kama mtu wa kazi tu: una kazi, unapewa kitanda na mwajiri, kazi ikiisha, rudi kwenu. Pumwani ilikuwa tofauti kwa jambo moja. Mtu alipewa kiwanja ajenge nyumba yake mwenyewe. Nyumba zilikuwa za udongo, zenye vyumba kadhaa, kwa mtindo wa nyumba za pwani. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi, wakati ambapo karibu kazi zote za mshahara mjini zilikuwa za wanaume. Walikusanya senti kwa biashara zao, wakajenga, na kodi ikawalisha uzeeni. Kwa hiyo ukiniuliza nani alianza mambo ya kulipwa bila kuajiriwa huku Eastlands, nitakuambia ni shosho za watu.

Lakini kuna upande mwingine. Kijiji cha Pangani kilikuwa na nyumba kama hizo, za zamani kuliko za Pumwani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kilibomolewa. Watu walikuwa na kuta na wapangaji, ila ardhi chini yake haikuwa yao. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Sasa twende Dandora. Baada ya uhuru watu walimiminika Nairobi na nyumba hazikutosha. Vibanda vilijengwa, kanju ikabomoa, vikajengwa tena. Mwaka 1975 serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kujaribu njia nyingine: badala ya kumjengea maskini nyumba nzima ambayo hawezi kuilipa, mpe kiwanja chenye maji, mfereji wa maji taka na barabara, umpe mkopo mdogo wa vifaa, ajenge mwenyewe polepole. Kanju ndiyo ilisimamia mradi. Viwanja vilikuwa kama 6,000, vingi vya mita mraba 100 hadi 160, na vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Ukifika kwa kiwanja chako ulikuta choo na bafu vimesimama peke yao katikati ya vumbi. Wengine waliongezewa jikoni na stoo. Zilizobaki ni juu yako.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mwenye kiwanja alitakiwa kulipa deni kila mwezi, na yeye ni mtu wa kibarua. Angelipa na nini? Waliopanga mradi walijua jibu: ajenge chumba cha pili, apangishe. Kodi ya mpangaji isaidie kulipa deni la mwenye ploti. Yaani hii Dandora unayoiona, kutoka Phase 1 hadi 5, ilipangwa tangu mwanzo isimame juu ya pesa ya usingizi.

Na chumba cha kwanza, hicho cha kuanzia, kilijengwaje na mtu asiye na kitu? Kwa vikundi. Wenye viwanja walijikusanya, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi, wanajenga chumba cha huyu, mwezi ujao cha yule, mpaka zamu izunguke. Ni ile chama ya mathe wako, ila mwisho wa mzunguko hupewi masufuria. Unapewa kuta. Shosho alikuwa kwa kikundi kama hicho. Anasema Jumapili walibeba mawe na maji wao wenyewe ili wasilipe vibarua wengi.

Nikamuuliza, "Kumbe ulikuwa na ploti?" Mathe akaangalia chini. Hii hadithi sikuwahi kuambiwa.

Shosho alipata kiwanja. Alikuwa akiuza mboga Gikomba, akaandikisha jina, likachaguliwa. Lakini alitakiwa kujenga vyumba vyake viwili ndani ya muda uliowekwa, kama mwaka mmoja na nusu. Zamu yake kwa kikundi ilikuwa karibu mwisho. Katikati, mjomba wangu aliugua, mboga zikaharibika msimu wa mvua, deni likaanza kurundikana. Akaja mtu mwenye gari na kazi nzuri mjini, akatoa pesa taslimu. Sheria ya mradi haikutaka watu wauze hivyo, lakini mambo yalifanyika chini ya maji. Shosho akauza. Anasema pesa hiyo ilikaa miezi minne.

Hakuwa peke yake. Wengi waliopewa viwanja waliuza au walihama wakapangisha kila kitu, na ploti nyingi zikaishia kwa watu wenye uwezo ambao hawaishi huku. Vyumba viwili vikawa sita, sita vikaenda juu ghorofa. Leo kuna mtu mahali, pengine hajawahi kukanyaga matope ya mtaa wetu mwaka mzima, na kila tarehe 5 simu yake inalia kuwa pesa imeingia. Sitaki kumtukana, alinunua. Ninachosema ni kwamba ile pesa anayopata akiwa amelala ni mathe wangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuitafuta.

Kwa hivyo swali la kwanza ukiambiwa kuhusu pesa ya usingizi si "nitapata ngapi?" Uliza: nani yuko macho? Kodi ya nyumba, aliye macho ni mpangaji. Riba ya hati za dhamana, aliye macho ni mlipa ushuru. Gawio la hisa, ni wafanyakazi na wateja wa kampuni. Na ile programu yangu? Nilifikiria sana. Hakukuwa na mtu aliye macho. Hawakuuza kitu, hawakujenga kitu. Zile 400 nilizolipwa zilikuwa za msee mwingine aliyeingia baada yangu, na pesa ya mathe ndiyo ililipa aliyetangulia.

Hili nalo si jipya. Uliza wazazi wako kuhusu mwaka 2006 na 2007. Kampuni za upatu zilijaa nchini, zingine zikizungumza kwa lugha ya kanisani, panda mbegu, vuna. Watu waliuza mashamba, wakachukua mikopo ya Sacco, wakapanda. Zilipoanguka, mabilioni ya shilingi yalikuwa yamepotea. Leo mbegu imehamia kwa simu.

Sasa, wewe uko na miaka 19, huna kiwanja, na hakuna Benki ya Dunia inakuja kupiga kura ya majina tena. Unaanzia wapi? Nitakupa hesabu kwanza, kwa sababu hesabu ndiyo hawakuonyeshi.

Mwaka 2017 serikali ilizindua M-Akiba, hati ya dhamana unayonunua kwa simu kuanzia 3,000. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka, bila kukatwa ushuru, kwa miaka mitatu. Ukiweka 3,000, unapata 300 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 25 kwa mwezi. Nauli ya kutoka Dandora kwenda tao ni zaidi. Ukitaka kulipwa 10,000 kila mwezi kwa riba kama hiyo, unahitaji kuwa umeweka milioni 1 na laki 2. Rudia kusoma hiyo sentensi. Serikali nzima, yenye nguvu za kutoza ushuru, ilitoa asilimia 10 kwa mwaka. Mimi niliamini kitu kisicho na ofisi kinaweza kutoa asilimia 10 kwa siku.

Sisemi usiweke. Weka. Shilingi 500 kwa mwezi ndani ya Sacco au mfuko wa uwekezaji wa pamoja inakufundisha tabia, na ile riba ndogo inaanza kuzaa riba. Lakini angalia karatasi kwanza, usisahau Pangani. Mifuko ya uwekezaji inapewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya walio na leseni iko wazi kwa tovuti yao. Sacco zinazochukua akiba za watu zinasimamiwa na SASRA. Dakika tano za kutafuta jina. Mimi sikuzitumia, zikanigharimu kodi ya mwezi.

Na hizi video zetu? Watu hunitumia ujumbe wakidhani nalipwa nikilala. Kwa video ndefu, YouTube inataka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ikugawie pesa za matangazo. Saa 4,000, msee. Video ya zamani inaweza kukuletea kitu kidogo miaka ijayo, ni kweli, kama chumba ulichojenga. Lakini kwanza ubebe mawe.

Kitu nilichotoka nacho kwa shosho ni kile kikundi. Mtu mmoja wa kibarua hakuweza kujenga, watu kumi waliweza. Na yeye aliangushwa na kukosa akiba ya kumvusha mpaka zamu yake ifike. Ugonjwa mmoja na mvua moja, ploti ikaenda. Angalia, hakuwa mjinga wala mvivu. Hakuwa na mto wa kuegemea.

Kwa hivyo mwezi wa kwanza mwaka huu, sisi watano wa hapa mtaani tulianza kuchanga 300 kwa wiki. Mia mbili inaenda kwa kitu cha kununua, mia moja inakaa kando, haiguswi isipokuwa mmoja wetu ameugua au amefungiwa nyumba. Kwa ile ya kwanza tulinunua viti vya plastiki. Arobaini. Tunakodisha shilingi 20 kila kiti, harusi, matanga, mikutano ya chama za wamama. Vikienda vyote ni 800. Bado havijarudisha pesa yake yote, na wikendi zingine havitoki kabisa.

Wala hailetwi na usingizi. Jumamosi iliyopita vilirudi saa nne usiku kutoka kwa matanga, vimegandwa na mchuzi, viwili vimevunjika miguu. Tuliviosha kwa maji ya mtungi ya shilingi 10, mimi na msee mmoja, wengine walikuwa kazini. Shosho alipita akielekea kwake na tochi yake. Akakaa kwa kiti kimoja kilichokuwa kimeshaoshwa, akakitikisa kama anakipima, akauliza:

"Na karatasi ya kikundi mmeandika? Majina, na nani ametoa ngapi?"

Hatukuwa tumeandika. Tuliandika usiku huo huo, yeye akiwa ameketi hapo.